TUSIIPAKE RANGI NYEKUNDU

Muhula ujao wanachama wa chama chetu cha ufundi watapiga kura juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, yaani rangi ya injini ya gari la moshi iliyo ndefu kuliko rula kidogo tu. Mimi nimekwisha sema nitakavyopiga kura yangu, na kwa sababu hiyo nimeitwa mkaidi, na mwenzangu mmoja wa darasa langu ameniita kibaraka wa wakoloni. Basi nimemwomba mhariri nafasi hii nijieleze.

Sanduku lenyewe tulilikuta stoo, chini ya mizani mibovu ya maabara. Liliachwa na padre mmoja aliyefundisha fizikia hapa zamani, kabla hatujazaliwa. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya Kitmaster, ambavyo kiwanda cha Rosebud cha Uingereza, watengenezaji wa wanasesere, kilianza kuviuza mwaka 1959, na mwaka 1962 kazi hiyo ikachukuliwa na Airfix. Mfano huu ni wa injini ya Garratt ya reli ya LMS, kwa kipimo cha 1 kwa 76. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wameanza kuuunga wakauacha. Boila lilikuwa limegandishwa upande, magurudumu mawili yalikuwa hayapo, na mtu fulani alikuwa ameipaka rangi ya milango.

Kuitengeneza upya kumetuchukua mihula miwili. Gundi ya plastiki ya namna hii haishiki kama ugali wa kubandikia karatasi. Huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kilichoungwa vibaya hakibanduki, hapana budi kukikata kwa msumeno mwembamba. Magurudumu tuliyaiga kwa kukandamiza gurudumu zima katika udongo wa mfinyanzi na kumimina humo gundi ya mirija miwili. La nne lilifaa. La kwanza hata la tatu mtayakuta dirishani mwa karakana, mkipenda kucheka.

Na kosa kubwa kuliko yote nililifanya mimi. Nilitaka kuondoa ile rangi ya milango upesi, nikachovya bomba la moshi katika tina. Nilipogeuka kumjibu mtu na kurudi, bomba lilikuwa limelegea kama mshumaa juani. Baadaye fundi wa magari wa misheni alituambia kwamba mafuta ya breki hutoa rangi pasipo kuila plastiki, ukiyaangalia vizuri na kuiosha kwa sabuni. Bomba mnaloliona sasa limechongwa katika kalamu ya wino. Nalisema hili ili asidhani mtu kwamba natetea kazi isiyo na doa.

Sasa nije kwenye rangi. Wenzangu wanataka injini ipakwe nyekundu ya damu ya mzee, kama zilivyokuwa injini za Reli za Afrika Mashariki, na ubavuni iandikwe jina la mlima mmojawapo wa kwetu. Wanasema Siku ya Wazazi watu watafurahi kuona kitu chao, na nani ataijua LMS hapa Uganda? Ni kweli kwamba Garratt ilikuwa injini yetu kuliko ilivyokuwa ya Waingereza. Bwana Herbert William Garratt aliipatia hati mwaka 1907. Boila hukaa peke yake katikati, limeninginia juu ya mashine mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila mashine hugeuka kwa upande wake. Kwa njia hiyo injini nzito hupinda kwenye kona kali, na uzito wake huenea juu ya magurudumu mengi, reli nyembamba isiumie. Nchi ambayo reli yake hutoka pwani na kupanda hata karibu mita 2,740 pale Timboroa, kabla ya kushuka huku kwetu, ilihitaji mashine ya namna hiyo. Zile za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima, zilikuwa 34. Zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na hazijapata kuwako injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli ya upana wa mita moja.

Hii yetu ya plastiki ilizaliwa katika kiwanda hicho hicho. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini si mtu mmoja. Ile ya mlima ina magurudumu 28, hii ina 16. Ile ilichoma mafuta mazito, hii ilichoma makaa ya mawe na kuyavuta makaa mengine kutoka Toton kwenda London. Zilikuwa 33, na kufikia mwaka 1958 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Zilikatwa zikawa vyuma chakavu, haikuhifadhiwa hata moja. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua umbo lake hana pa kwenda ila kwenye picha na mifano kama huu. Tukiipaka nyekundu tutakuwa tumeifuta, na tutakuwa tumewaambia wadogo zetu kwamba ile ya mlima ilikuwa hivi, nayo haikuwa hivi.

Likizo iliyopita niliichukua nyumbani. Babu yangu alikuwa mchochezi wa moto katika injini za reli, kituo chake Tororo, mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Macho yake yameingia ukungu. Nilimwekea mikononi bila kusema neno. Aliipapasa toka mbele, akahesabu magurudumu kwa kidole, akarudia. Kisha akapapasa nyuma akauliza, "Tangi la mafuta liko wapi?" Nikamjibu, "Babu, hii ni ya makaa." Akasema, "Basi hii si yetu, mjukuu wangu. Ni nzuri, lakini si yetu." Je, Siku ya Wazazi tumwambie ni yetu kwa kuwa ni nyekundu?

Mpinzani wangu mmoja amenijibu kwa hoja iliyonisumbua usiku mzima. Alipima upana wa magurudumu akasema: kwa kipimo hiki reli ya Uingereza ingepaswa kuwa na upana wa karibu milimita 18.8, lakini mfano huu una 16.5. Waliouunda wenyewe walidanganya, basi wewe una lipi? Nimepekua, na ni kweli. Mafundi wa vitreni vidogo vya Uingereza wamezoea kupunguza hapo toka kabla ya vita vya 1939, ili mashine ndogo zienee. Hilo limenipunguzia kiburi, sikatai. Lakini wao walipunguza wakijua, na kipimo hicho wanakiandika wazi katika vitabu vyao. Sisi tungeandika jina la mlima.

Ninalolitaka mimi ni hili. Hii tuipake nyeusi, kama zilivyokuwa zenyewe. Kisha ile ya mlima tuijenge wenyewe kwa kadibodi, mabomba ya plastiki na bati la mikebe, kwa kipimo hicho hicho, nayo itafika sentimita 42 hivi. Nyekundu tuipake hiyo. Katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, zimesimama mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na mtu mwenye kamba ya kupimia na ruhusa ya walinzi aweza kuchukua vipimo vyake siku moja.

Ndugu zetu mliokwisha maliza shule, wengine wenu mko Nairobi, na baadhi ya baba zenu walifanya kazi ya reli. Twahitaji urefu wa boila, kimo cha magurudumu makubwa, na picha ya upande wa nyuma, kwa sababu wapiga picha wengi husimama mbele. Pelekeni kwa mhariri kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza wa muhula. Kura ni wiki inayofuata.