Usibonyeze Kitufe cha Nyuma

Kuna kauli ambayo mafundi wengi wa mtandao kuanzia Kitale hadi Bungoma huitoa kana kwamba ni sheria: ukiharibu mipangilio ya ruta na huna nakala ya akiba, bonyeza kile kitufe cha nyuma, irudi ilivyotoka kiwandani, uanze upya. Wenye saiba nao wameizoea. Fundi hajafika Malakisi, na mwenye duka ameshatafuta kalamu yenye ncha ya kuingia kwenye kile kitundu.

Kauli hiyo naipinga. Mara nyingi kosa lenyewe ni mstari mmoja: anwani iliyokosewa tarakimu, sheria ya ulinzi iliyowekwa juu badala ya chini, mlango uliotolewa kwenye kundi lake. Kitufe hakijui mstari upi ni mbovu, kwa hiyo hufuta yote. Majina ya wateja, vocha, mgao wa kasi, anwani za kamera na printa, kila kitu alichokipanga fundi wa kwanza kwa miaka hutoweka kwa sekunde chache.

Wanaoitetea huanza na dhana kwamba bila nakala hakuna kilichobaki. Si kweli. Ruta inayowaka bado imebeba mipangilio yake, mbovu na mizima pamoja. Chukua vifaa vya Cisco. Hivyo vina mipangilio ya aina mbili: inayotumika sasa, ambayo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na ya kuanzia, ambayo husomwa kifaa kinapowashwa. Ukibadilisha kitu, kinachobadilika papo hapo ni ile ya sasa tu, mpaka uamuru ihifadhiwe. Kwa hiyo ukikosea na hujahifadhi, kuzima na kuwasha kunarudisha hali ya jana bila kufuta chochote. Lakini geuza kisa hicho. Mtu amefuta ile ya kuanzia kwa bahati mbaya. Mtandao unaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu ile ya sasa ingali hai. Hapo amri moja ya kuhifadhi inaokoa kila kitu, na kuzima kunakiua. Zima-uwashe ileile ni dawa katika kisa cha kwanza na sumu katika cha pili, na anayeitumia bila kuuliza yuko katika kisa kipi anacheza kamari na riziki ya watu. Kwetu hapa, ambapo umeme hupotea bila taarifa, jambo la kwanza katika kisa cha pili ni kuhakikisha kifaa kiko kwenye betri ya akiba, kisha ndipo uguse kibodi.

MikroTik, ambazo wauzaji wengi wa intaneti ya vocha huzipenda kwa bei yake, zina tabia tofauti. Mabadiliko huhifadhiwa papo hapo, kwa hiyo kuzima hakurudishi kitu. Badala yake ruta hizo huweka historia ya hatua zilizofanywa, na zina amri ya kutengua hatua moja baada ya nyingine, ya mwisho kwanza. Historia hiyo haivuki kuzimwa. Anayekimbilia kuchomoa waya wa umeme anatupa kwa mkono wake njia fupi kuliko zote ya kurudi nyuma.

“Lakini haiingiliki!” utaambiwa. Ndiyo, kosa la kawaida kabisa ni kujifungia nje kwa sheria ya ulinzi inayokataa hata kompyuta ya msimamizi. Hata hapo mlango mara nyingi upo. Programu ya Winbox ya MikroTik huweza kuingia kwa anwani ya MAC, ile iliyochapwa kwenye kibandiko chini ya ruta, bila kutegemea anwani ya IP. Sheria zinazozuia IP hazigusi njia hiyo. Unachohitaji ni waya kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye mlango wa ruta ambao haujafungwa, na nywila. Vifaa vya Cisco vina mlango wa konsoli kwa kazi hiyohiyo. Ukishaingia, kabla ya kurekebisha lolote, toa maandishi ya mipangilio yote uyaweke kwenye kompyuta. Hata yakiwa na kosa ndani, hayo ndiyo nakala uliyodhani huna. Angalizo kwa wenye RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, toleo la 7: maandishi hayo huacha nywila nje usipoomba zitolewe.

Tuseme sasa limetokea baya zaidi: kitufe kimeshabonyezwa. Bado watu hukata tamaa mapema mno. Ruta haikuwa peke yake duniani. Printa ya ofisini ukiiamuru ichape ukurasa wa mipangilio yake, karatasi inatoka na anwani, kinyago cha mtandao na anwani ya lango, na anwani hiyo ya lango ndiyo ruta yako iliyokuwa nayo jana. Kisanduku cha kurekodi kamera dukani kwa agroveti kimeandikiwa anwani isiyobadilika. Antena ya mteja aliye upande wa Sirisia ina jina lake la kuunganishia, mara nyingi na nywila, na inaendelea kubisha hodi kwa muuzaji wake. Jina lako wewe mwenyewe la kuunganishwa liko kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Piga simu uliulizie. Kivinjari cha kompyuta yako huenda kilihifadhi nywila. Na usisahau WhatsApp: mafundi hutumiana picha za skrini wakiombana ushauri, na picha ya mwaka jana yaweza kuwa na sheria zote za ulinzi, zinasomeka vizuri. Keti na daftari, uchore mtandao upya kutoka pembeni kuja katikati. Ni kazi ya subira, lakini inatoa mtandao uleule wa jana. Anayeanza upya kwa kubahatisha hutoa mwingine, na wateja wataigundua tofauti yake mmoja mmoja kwa wiki kadhaa.

Nakubali wapinzani wangu wana jambo. Tarehe 30 Juni, watu wamejaa saibani kuwasilisha ripoti za kodi za KRA, hakuna mwenye saiba atakayevumilia hotuba kuhusu historia ya amri. Ruta ya nyumbani yenye jina na nywila tu, ibonyeze, utaipanga kwa dakika tano. Na ruta iliyoingiliwa na wahalifu ni suala jingine kabisa. Mei 2018, watafiti wa Cisco Talos walipofichua programu hasidi ya VPNFilter, vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54 vilikuwa vimeambukizwa, baadhi yake MikroTik. Hapo kusafisha kabisa ndiyo tiba, maana huwezi kuamini kilichobaki ndani. Ila kosa la mkono wa fundi si maambukizi, na halipaswi kutibiwa vivyo hivyo.

Anayedhani huo ni ubishi wa mafundi wadogo na akumbuke Oktoba 4, 2021. Baada ya saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kampuni inayozimiliki ilieleza kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata viungo vya mtandao wake mkuu, na chombo kilichotakiwa kuikagua amri hiyo kilikuwa na kasoro. Wahandisi wakawa wamefungiwa nje na mtandao wao wenyewe. Ilibidi wasafiri hadi kwenye vituo vya data, wapite ulinzi mkali, wavifikie vifaa kwa mikono, kisha warudishe huduma kidogo kidogo ili mzigo wa ghafla usiangushe umeme na mitambo. Walitafuta kilichoharibika, wakakirudisha.

Vilevile kuna zana za kujikinga ambazo hazigharimu hata shilingi. MikroTik ina hali ya usalama: bonyeza Ctrl na X kabla ya kubadilisha, na muunganisho ukikatika, mabadiliko hujitengua yenyewe. Kwenye vifaa vya Juniper unaweza kuthibitisha mabadiliko kwa masharti. Usiporudi kuyakubali ndani ya dakika 10, kifaa kinarejea kilipokuwa. Cisco ina amri ya kujiwasha upya baada ya muda uliopanga, nawe unaifuta ukiona mambo ni shwari.

Basi, ndugu mwenye saiba, simu ijayo utakayompigia fundi isianze na “nimeshabonyeza”. Mwambie taa zipi zinawaka, nani aligusa nini, na saa ngapi. Nawe fundi, beba waya wa konsoli kwenye begi, na ukimaliza kazi leo, toa maandishi ya mipangilio umwachie mwenye ruta nakala kwenye flashi.