Mtoto wa Mwenzio Jikoni Mwako



Mwezi huu nina jambo lililoniuma. Mama mmoja alikuja zahanati na binti yake aliyerudi kutoka Omani, alikokwenda kufanya kazi za ndani. "Sista, mwanangu halali usiku," alisema. Binti akanipa shikamoo huku ameinamisha kichwa. Nilipomshika mikono, viganja vilikuwa vimebabuka kwa dawa za kusafishia vyoo na sakafu. Akaniambia, "Mama, kule hata jina langu hawakuliita. Waliniita kwa jina la yule aliyenitangulia."

Ameniruhusu niwaeleze, ila jina lake nalificha hapa pia. Siku aliyofika, pasipoti yake ilichukuliwa ikafungiwa kabatini. Aliamka kabla ya alfajiri, akalala baada ya wageni wa mwisho kuondoka. Mshahara wa miezi mitatu ya mwisho hakuuona.

Hayupo peke yake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Walieleza habari za kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara, kupigwa, na kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Chanzo kimojawapo ni utaratibu uitwao kafala, ambao hufunga kibali cha mgeni cha kukaa nchini kwa mwajiri wake. Akikimbia mateso, yeye ndiye huhesabiwa mtoro. Wapo matajiri wema huko, lakini binti hapaswi kutegemea bahati.

Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani akae na pasipoti yake mwenyewe, na apumzike angalau saa 24 mfululizo kila juma. Lakini mkataba huo huzibana zile nchi zilizouridhia tu.

Nikiwa namsikiliza, dhamiri ilinishtaki. Kwangu nina msichana wa kazi kutoka Singida. Mshahara wake wa miezi minne nilikuwa "namtunzia". Kitambulisho chake nilikiweka kabatini kwangu, asije akatoroka. Jumapili mimi nafundisha watoto kanisani, yeye anabaki na sufuria. Je, nilitofautiana nini na yule mama wa Omani? Kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jioni ile nilimwita nikampa kitambulisho na fedha zake zote. Alizihesabu mara mbili, kisha akaniuliza kwa hofu, "Mama, unanifukuza?"

Akina mama, swali lile lilinitoa machozi. Kumbe kwangu haki yake ilikuwa ngeni kiasi kwamba alipoipata aliogopa.

Tusome tena Mwanzo 16. Hajiri alikuwa Mmisri, mgeni katika nyumba ya watu. Aliyemtesa hadi akakimbilia jangwani hakuwa mpagani, alikuwa mke wa Abramu. Na Mungu alimwona mgeni yule.

Kama binti yako anataka kwenda, usimkatishe tamaa wala usimwache aende gizani. Apitie wakala aliyesajiliwa na serikali, asikubali kusafiri kwa viza ya matembezi. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa, nawe ubaki na nakala yake na ya pasipoti. Namba yako na ya ubalozi wetu azikariri kichwani, maana simu huweza kuchukuliwa. Pangeni neno la siri la kukujulisha kwamba yuko taabuni.

Akirudi, usianze kwa kumwuliza ameleta nini. Mpe chakula, mpe kitanda, msikilize. Kama alipigwa au kuingiliwa kwa nguvu, mlete hospitali hata kama miezi imepita. Kukosa usingizi, kushtukashtuka na kulia bila sababu ni ugonjwa wenye tiba, si uvivu wala mapepo.

Na leo, kabla hujalala, fungua kabati lako. Kama kuna kitu cha yule msichana jikoni, mrudishie.

Kwangu sasa Jumapili ni siku yake. Wali naupika mwenyewe, na siku nyingine unaungua.