Utafiti wa Lugha Yetu Urejee Nyumbani

Mwezi wa Julai hutuletea hapa Unguja shughuli mbili zinazohusu lugha na utamaduni. Tarehe 7 huadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Na katika mwezi huo huo watu wa Makunduchi hukoga mwaka wao kama walivyokoga wazee wao. Viongozi huhudhuria zote mbili. Hotuba husomwa, picha hupigwa, magari hurudi mjini.

Lipo jambo moja ambalo halijapata nafasi ya kutosha katika hotuba hizo, nasi tunaona ni wajibu wetu kulisema. Lugha ya visiwa hivi, mila zake na masomo ya watoto wake ni mambo yaliyochunguzwa sana na wataalamu, wageni kwa wenyeji, kwa zaidi ya karne moja na nusu. Lakini matunda ya uchunguzi huo yamekuwa kama karafuu: huchumwa hapa, hupakiwa, husafirishwa, na mwenye shamba habakii ila na harufu yake.

Askofu Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akakaa na watu, akasikiliza hadithi zao, na mwaka 1870 hadithi hizo zikapigwa chapa London. Mwaka 1924 W. H. Ingrams, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza hapa, aliandika makala juu ya lahaja za Usultani wa Zanzibar katika jarida la chuo kimoja cha huko huko London. Mzee Haji Chum alijitaabisha kuyakusanya maneno ya Kikae, yaani lahaja ya Makunduchi, ambayo wengine huiita Kihadimu. Kitabu chake, Msamiati wa Pekee wa Kikae, kilitolewa mwaka 1994 mjini Uppsala, Uswidi. Naye Bibi Odile Racine-Issa aliichambua sarufi ya lahaja hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2002, kwa Kifaransa. Kwa hiyo kijana wa Makunduchi anayetaka kusoma kitabu hicho kinachoeleza maneno ya bibi yake yamepangwaje, hana budi kwanza ajifunze lugha ya Paris.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu waandishi hao. Bila ya wao tungekuwa maskini zaidi. Wala hatusemi kwamba serikali yetu ilikaa kitako. Miaka ya mwisho ya sabini ilikuwa miaka ya matumaini makubwa: Unguja ilichaguliwa kuwa makao ya EACROTANAL, kituo cha nchi za kanda hii cha utafiti wa mapokeo simulizi na lugha za taifa, na mwaka 1979 ikaanzishwa TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. (Vijana wengi hawajapata hata kulisikia jina la EACROTANAL, na hilo peke yake ni ushahidi wa tunayoyasema.) Baadaye Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na likachapisha pia kamusi za lahaja za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Hiyo ni kazi ya kupongezwa. Swali letu ni kamusi hizo ziko wapi leo, na nani anazifungua.

Tutazame kidogo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakaichagua lahaja ya mji wetu, Kiunguja, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ambao ndugu zetu wa Mvita, na haki yao, hawajaufurahia hadi leo. Mwaka huo huo wa 1928, mwezi wa Oktoba, vijana wa visiwa vya Indonesia walikusanyika Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, wakaapa kwamba taifa lao litakuwa na lugha moja ya umoja. Hawakuchagua Kijawa, ingawa ndicho kilichokuwa na wasemaji wengi kuliko lugha nyingine zote za kwao. Walichagua Kimalay, lugha ya bandari na biashara, mfano wa Kiswahili chetu.

Basi lugha mbili za pwani zilianza safari mwaka mmoja. Ile ya Indonesia, baada ya uhuru kutangazwa mwaka 1945, ilichukua nafasi ya Kiholanzi katika skuli na ikapanda hadi chuo kikuu, ambako inafundishia sheria na uhandisi. Wakati huo huo mtaala wao wa mwaka 1994 ulizipa sehemu za nchi nafasi rasmi ya kufundisha mambo ya kwao, na lugha kama Kijawa na Kisunda zikaingia darasani kwa mlango huo. Si kwamba wenzetu wametengenekewa na kila kitu. Nchi ile ina lugha zaidi ya 700, na nyingi zilizo ndogo ziko katika hatari ya kufa. Lakini hawakudhani kwamba lugha ya taifa haiwezi kupanda mpaka ya kigeni iishike mkono, wala kwamba lugha za vijijini ni aibu ya kufichwa.

Sisi tulifanyaje? Mtoto wa Makunduchi au wa Tumbatu huanza skuli na maneno ya kwao, ambayo mara nyingi huambiwa si Kiswahili kizuri. Kabla hajaishika vyema lugha ya kitabu, akakutana na nyingine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Utafiti juu ya jambo hilo haukukosekana. Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, kikishirikiana na wataalamu wa hapa Zanzibar, kilifanya uchunguzi ulioitwa SPINE, ukitazama wanafunzi wa kidato cha pili wanavyojibu mitihani. Uchunguzi ulionyesha kwamba wanafunzi wengi waliacha nafasi ya jibu tupu walipoulizwa kwa Kiingereza cha mtihani, na kwamba swali lile lile likiulizwa kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza kilichorahisishwa, mwanafunzi yule yule alionyesha ujuzi ambao mtihani ulikuwa umeuficha. Maana yake ni nzito. Wako watoto tuliowaandikia kwamba wameshindwa Sayansi, kumbe walishindwa kulielewa swali. Baadhi yao sasa ni watu wazima, wana watoto wao wanaokwenda skuli, na hakuna aliyewapelekea barua ya kuwaomba radhi.

Wako watakaosema kwamba dunia ya leo inataka Kiingereza, na kwamba kijana atakayetafuta kazi katika hoteli za Nungwi au Paje hatafika mbali bila ya lugha hiyo. Nasi tunakubali. Afundishwe Kiingereza, tena afundishwe na mwalimu anayekijua, kwa vitabu vya kutosha na saa za kutosha. Lakini kufundisha Kiingereza ni kazi moja, na kufundisha mmea unavyotengeneza chakula chake ni kazi nyingine. Tukizichanganya mbili hizi kwa mwalimu ambaye mwenyewe anababaika, mtoto hutoka bila ya Kiingereza na bila ya mmea.

Tunapendekeza mambo mawili, na wala hayahitaji fedha nyingi. Kila mtafiti anayepewa kibali cha kuchunguza lugha, mila au elimu katika visiwa hivi, awe mgeni au mwenyeji, ashurutishwe kuacha muhtasari kwa Kiswahili: nakala moja Nyaraka za Taifa Kilimani, moja Chuo Kikuu, na moja katika skuli ya shehia ile aliyowahoji watu wake. Sheha aliyemtembeza nyumba kwa nyumba anastahili kujua alichoandika. Na Wizara ya Elimu, kila inapobadilisha lugha ya kufundishia, iwatangazie wazazi ni utafiti gani iliousoma kabla ya kuamua. Ikiwa haikusoma wowote, iseme hivyo.

Wazee wanaoijua vizuri lahaja ya Makunduchi wanapungua kila mwaka, na wajukuu wao walioko Mwembeladu na Magomeni husema kama watu wa mjini. Kikao cha bajeti cha Baraza la Wawakilishi hukutana kabla ya Julai. Tungefurahi kumsikia Mjumbe mmoja akisimama na kumwuliza Waziri ni nakala ngapi za kamusi ya Kimakunduchi zilizomo katika skuli za Mkoa wa Kusini, na ngapi zimefungiwa kabatini mjini.