TUSINGOJE WAGENI WATUCHEZEE HISTORIA YETU

Mwaka 1941 Ujerumani ya Hitler ilitoa sinema ya historia iitwayo "Carl Peters". Humo mkoloni huyo alifanywa shujaa aliyeonewa na wanasiasa wa Berlin. Watu wa Kilimanjaro walimjua vingine. Akiwa mtawala kule Marangu, Peters alimnyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na mapema mwaka 1892 akamnyonga msichana Jagodja. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897.

Ni nani walioigiza Waafrika katika uongo huo? Baadhi walikuwa wafungwa weusi wa vita. Mwingine alikuwa Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyewahi kusaidia kufundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Berlin. Alipewa nafasi ya mwongoza njia mwaminifu wa Peters. Mwaka ule ule alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo mwaka 1944.

Basi wale wanaodai kwamba dawa ni kuongeza nyuso nyeusi katika sinema wajiulize tena. Sinema ya Peters ilikuwa nazo tele. Kilichokosekana ni Mwafrika mwenye akili yake, neno lake na sababu ya kutenda alilotenda. Hata Marekani, ilipotengeneza "The Snows of Kilimanjaro" mwaka 1952, iliazima jina la mlima na kuwaacha wenye mlima wakiwa watumishi na wabeba mizigo.

Kisa cha kweli tunacho. Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani. Mwaka 1893 Meli alishindwa, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, nao umekitafuta kwa miaka mingi.

Lakini sinema yetu isiwe ya kujisifu. Mangi Marealle wa Marangu alishirikiana na Wajerumani dhidi ya wenzake; hilo nalo lionyeshwe, pamoja na hesabu zake za kisiasa. Kuwafanya Wachaga wote malaika ni kuwanyima utu kama alivyowanyima mkoloni. Wazungumze Kichaga panapostahili Kichaga, wala wasivikwe ngozi za chui ili kumfurahisha mtalii.

Jukumu hili ni letu, ndugu walimu na watumishi wa umma. Walimu wa historia wa Moshi, Kibosho na Marangu wayakusanye masimulizi ya wazee kabla hayajazikwa nao. Maofisa utamaduni wayahifadhi. Wizara na Bodi ya Filamu zitenge fedha, zisiishie kukagua kazi za wengine.

Mcheza kwao hutunzwa. Asiyecheza kwao huchezeshwa na wengine.