WAFU HUPEWA MASHADA, WALIO HAI HUAMBIWA "NJOO KESHO"

Ndugu Wanachama,

Kila Novemba wakubwa husimama mbele ya makaburi ya vita, tarumbeta hulia, mashada huwekwa. Hatusemi ni vibaya. Twauliza tu: yu wapi yule aliyerudi?

Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini tu, ingawa wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918 wakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Wenzao waliorudi waliachiwa jina la mtaa: Kariakoo.

Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, askari wetu waliotoka Burma waliagwa kwa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi. Mzungu aliweza kupata hata mara tatu ya Mwafrika. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza paundi milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio maskini. Miaka 73 ilikuwa imepita! Wengi walikuwa wamekwisha kuingia kaburini, na huko ndiko walikopandishwa cheo, kutoka waombaji kuwa mashujaa.

Sababu yake i wazi. Marehemu haji dirishani. Hadai, haumwi, hana watoto wa kulisha. Sanamu hulipiwa mara moja, bali mtu aliye hai hula kila siku. Nani asiyempenda shujaa asiyedai kitu?

Watu watajibu kwamba fedha haitoshi, na kwamba vyeti vya wazee vimepotea. Je, ya mashada ilitoshaje? Na askari asiyejulikana mbona huheshimiwa bila cheti?

Lakini sisi makarani tusijitoe katika lawama hii. Mkubwa hutoa hotuba. Anayemwambia mzee "njoo kesho" ni sisi. Basi mzee wa vita yoyote, au mjane wake, akifika mezani petu, apewe kiti, na faili lake litafutwe siku ile ile. Kumkumbuka maiti ni wema. Kumlipa aliye hai ni deni, na deni hutangulia sadaka.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu