Isiuzwe, Iendeshwe: Maoni Kuhusu Pikipiki ya Kale Ukambani

Huenda ukastaajabu kwamba katika jarida la wapenzi wa Kiswahili mtu anajitoma kuandika juu ya pikipiki, tena pikipiki kuukuu iliyoundwa Birmingham, Uingereza, kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Nivumilie. Jambo hili limeugawa ukoo wetu tangu Desemba iliyopita, tulipokutana Ikutha, kusini mwa Kitui, kugawana mali ya marehemu babu. Mbuzi waligawanywa bila neno. Shamba lilizua maneno, nayo yakaisha. Kilichobaki ni BSA M20 iliyokuwa imelala ghalani nyuma ya magunia ya mtama. Ami yangu mkubwa alikuwa amekwisha kupata mnunuzi kutoka Nairobi. Mimi, niliyekuwa mdogo kabisa kikaoni, nikasema isiuzwe. Nilichekwa. Makala haya ni jibu langu kwa kicheko kile, na kwa kuwa ami amefundisha Kiswahili miaka mingi, najua atayasoma na kuyasahihisha.

Kwanza nikijulishe chombo chenyewe. Herufi BSA ni ufupisho wa jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kutengeneza bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. M20 ilianza kuundwa mwaka 1937 ikaendelea hadi 1955. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo ililiuzia jeshi la Uingereza pikipiki zaidi ya laki moja, na nyingi zilikuwa za aina hii. Injini ina silinda moja ya ujazo wa senti 496 na nguvu za farasi 13 hivi. Uzito wake unakaribia kilo 170. Vita vilipokwisha, jeshi liliziuza kwa bei ya chini, zikasambaa kote palipokuwa na bendera ya Mwingereza.

Babu alikuwa mchanjaji wa mifugo. Aliinunua ya kwake Makindu mwaka 1962, Wazungu wakifunga virago, kutoka kwa fundi wa reli, Mhindi wa dini ya Sikh. Alisimulia kwamba walipatana bei wakila dengu na chapati katika hekalu la Makalasinga pale Makindu, lile lililojengwa mwaka 1926 ambalo hadi leo humlisha msafiri yeyote bila kumdai senti. Akaipeleka pikipiki ng'ambo ya Mto Athi, nayo ikawa yake hadi kufa.

Wenzangu chuoni wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanauliza: Mkamba mwenye akili timamu atatunzaje kifaa cha mkoloni, chenye nembo ya bunduki juu ya tangi? Swali ni zito kuliko wanavyodhani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa kisingizio cha kulinda udongo. Makueni wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi kumwona gavana, akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Watu wa rika la babu walilelewa katika kumbukumbu hiyo. Babu alisimulia kwamba miaka yake ya kwanza kazini, mlio wa pikipiki uliposikika ng'ambo ya korongo, wavulana waliswaga ng'ombe hadi vichakani kwa hofu kwamba serikali imekuja tena kuchukua. Ilimchukua misimu kadhaa, akija na sindano na kuondoka bila ng'ombe, hadi mlio ule ule ukawa ishara ya kuwaleta mifugo zizini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pikipiki ile ilipokoma kuwa ya Mwingereza. Nembo ya bunduki ingalipo. Sijaifuta wala sitaifuta.

Tena sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya ziada. Neno pikipiki ni tanakali ya sauti iliyogeuka nomino. Wazee walisema pia tukutuku. Sasa hebu simama kando ya barabara pale Wote, zisikilize pikipiki za abiria zikipita. Je, zinasema piki? Zinasema tuku? Zinavuma kama nyuki walioudhiwa. Lakini iwashe M20, ipunguze kasi hadi uweze kuhesabu mapigo yake, na utasikia neno likitamkwa. Naamini kwamba masikio yaliyotupa msamiati huu yaliitegea injini ya aina hii, yenye silinda moja kubwa inayopiga polepole.

Hoja ya pili ni kwamba pikipiki kuukuu ni adha na hatari. Hapa sitabishana sana, maana nimeionja. Baada ya kikao cha Desemba, nyanya aliniruhusu niifufue wakati ami akisubiri jibu la mnunuzi. Kwa wiki tatu nilinuka oili. Fundi wa kwanza niliyemwendea alileta spana namba 13, ikateleza. Akaleta namba 14, ikala pembe za nati mbili kabla sijamzuia. Kosa halikuwa lake peke yake. Nati za Uingereza za zama zile hazikufuata milimita. Zina vipimo vyake, na spana zake hazimo katika visanduku vya mafundi wetu. Nilizipata za babu zimefungwa kwa kitambaa ndani ya debe, zimepakwa grisi, kila moja mahali pake. Kumbe mzee alijua kwamba pikipiki bila spana zake ni chuma tu.

Kuiwasha ni ibada. Unafungua petroli, unabonyeza kitufe cha kabureta hadi mafuta yachuruzike, unarudisha nyuma wenzo wa cheche ulioko usukani, unainua vali kwa wenzo mwingine ili pistoni ipite kwa wepesi, ndipo upige kiki. Ukisahau kurudisha wenzo wa cheche, kiki hurudi juu kwa ghadhabu. Kifundo changu cha mguu kinakumbuka. Haihitaji betri ili iwake, kwani magneto huizalishia cheche yenyewe; na kwa kuwa mbano wa injini ni mdogo, haichagui petroli. Ikilala majuma kadhaa, oili huteremka kutoka tangini hadi tumboni mwa injini, na ukiiwasha bila kuiondoa, utaufukizia moshi mtaa mzima. Nilifanya hivyo siku ya Jumapili, ibada ikiendelea jirani.

Hatari kubwa iko miguuni. Pikipiki zetu za leo zina gia mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia. M20 ni kinyume chake. Mtu aliyezoea Boxer akishtuka mbele ya punda, mguu wake wa kulia utakanyaga gia akidhani ni breki. Kwa sababu hiyo simpi mtu pikipiki hii hata kwa dakika tano, na yeyote anayetamani kumiliki chombo cha namna hii ajifunze kwanza uwanjani. Breki zenyewe huanza kufikiri mwendo kabla ya kutenda. Nyuma hakuna springi ila zile za kiti.

Kuhusu kofia, nisikilizwe na wale wanaoitundika kwenye kioo cha pembeni. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwandishi na mwanajeshi maarufu, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior huko Uingereza, akafa kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwepo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimsukuma kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 jeshi likawaamuru matarishi wake kuvaa kofia ngumu. Matarishi hao ndio waliokuwa wakipanda M20. Kofia ya babu ilikuwa ya ngozi tu, mimi sikuirithi.

Nikishaungama hayo yote, mbona nashikilia? Kwa sababu ya safari moja ya Aprili. Niliondoka Kibwezi alfajiri, nikavuka Athi, nikaukwea uwanda wa Yatta, ile lava iliyoganda ikanyoosha mgongo wake kwa takriban kilomita 300. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui sasa ina lami, kitu ambacho babu hakukiwazia alipokuwa akizama mchangani. Niliendesha kwa kilomita 60 kwa saa, na matrela yalinipita yakipiga honi. Kwa mwendo huo unanusa mvua kabla haijafika, unaona ni mibuyu ipi imechubuliwa gome. Nilisimama mara mbili kukaza nati, na mara zote mbili mzee fulani alitokea asikojulikana, akaitazama, akaanza kusimulia nani alichanjiwa ng'ombe na nani. Hakuna aliyewahi kunisimulia kitu nikiwa nimepanda matatu.

Sasa nije kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo nzito, na ambayo ami ana haki nayo. Nayo ni pesa. Binamu yangu amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na fedha za pikipiki zingemlipia muhula mmoja au miwili. Nani atathubutu kusema chuma kikuukuu kina thamani kuliko muuguzi? Mimi sithubutu. Ila natia shaka hesabu yenyewe. Kitu kilichodumu miaka zaidi ya sitini mikononi mwa ukoo kitageuzwa kuwa muhula mmoja, na muhula wa tatu ukifika tutauza nini? Nimejitolea kulipa, kwa mafungu, sawa na fungu la ami kutokana na vibarua vyangu vya kufundisha jioni. Ami aliona ni dhihaka. Haikuwa.

Aidha, tazameni namna vijana wetu wanavyomiliki pikipiki leo. Binamu mwingine, wa upande wa Wote, alichukua Boxer kwa mkopo. Kila siku jioni anawalipa waliomkopesha kabla hajanunua unga. Alipougua wiki mbili, pikipiki ilichukuliwa. Silaumu Boxer, ndiyo inayobeba mitungi ya maji, maembe, na wajawazito usiku wa manane. Ninacholalamikia ni kwamba kijana huyo hakuwahi kuifungua injini yake hata mara moja. Aliambiwa asiiguse. Alikuwa dereva wa deni, ilhali babu, kwa mshahara wa mchanjaji, alikuwa mwenye chombo kwa maana kamili: alikinunua, akakifungua, akakifunga, akakijua.

Wapo watakaosema: ukipenda sura ya kale, nunua mpya yenye sura hiyo. Zipo, na si mbaya. Lakini Uingereza yake iko wapi? Royal Enfield ilianza kuundiwa Madras, India, mwaka 1955. Kampuni mama ya Redditch ilikufa mwaka 1970, na mtoto wa India angali anakua. BSA yenyewe ilianguka mwaka 1973, na jina lake likanunuliwa na Wahindi wa Mahindra mwaka 2016. Triumph ilifunga kiwanda chake cha Meriden mwaka 1983, ikafufuliwa na tajiri John Bloor; na tangu 2023 ile Speed 400 yake yenye sura ya kizamani inaundwa Chakan, karibu na Pune, na Bajaj. Naam, Bajaj ile ile ya Boxer za Mutomo na Kibwezi! Kwa hiyo anayemcheka mwendesha boda kwa kudharau "chuma cha Wahindi", kisha akajinaki kwa Triumph ndogo mpya, ajue kwamba vyombo hivyo viwili ni ndugu wa baba mmoja.

Na yule mnunuzi wa Nairobi? Sina ugomvi naye. Ameniambia kwa uungwana kwamba angeipaka rangi upya na kuipeleka kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, yanayofanyika uwanja wa farasi wa Ngong, ambako waamuzi huchungulia hata chini ya injini kutafuta vumbi. Ni mashindano mazuri. Lakini rangi aliyotaka kuibandua ndiyo yenye kovu la mwaka 1964, siku babu alipoanguka mchangani akimkimbiza nyanya kwa misheni ya Mutomo, uchungu wa uzazi umemshika. Waliinuka, wakaendelea. Mtoto aliyezaliwa usiku ule ni ami huyu huyu anayetaka kuiuza.

Hapo ndipo ninapouona upungufu wa kikao chetu cha Desemba. Nyanya alikuwa jikoni akitupikia isyo, na hakuna aliyemwita. Babu hakuacha wasia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humpa mjane mwenye watoto haki ya kuyatumia mabaki ya mali ya mumewe maisha yake yote. Watoto hawagawani juu ya kichwa chake. Ndiyo, hata mbuzi tuliwagawana kimakosa, na mimi wangu wawili nimewarudisha.

Kikao kingine kimepangwa Agosti. Safari hii nyanya ameulizwa. Hakutoa hotuba. Alisema kwamba atafika kikaoni akiwa amepanda kiti cha nyuma cha BSA, na kwamba kabla ya siku hiyo niikaze nati ya upande wa kushoto wa kiti hicho, kwa maana ililegea mwaka ule wa 1964 na babu hakuwahi kuikaza vizuri.