Mshairi si Mchuuzi wa Sifa

Wako watu wasemao kwamba mshairi ni mtu wa mchezo tu: apange maneno matamu, tufurahi, tumlipe, basi. Sisi twakataa. Neno moja la kale ni shahidi wetu.

Warumi wa zamani walimwita mshairi vates, na jina lile lile lilikuwa la nabii. Varro, mtaalamu wao wa lugha, alidhani limetoka katika kusuka, kwa kuwa mshairi husuka beti kama watu wasukavyo vikapu. Maelezo mazuri, lakini wataalamu wa siku hizi hawayakubali. Wao huliweka pamoja na fáith la Ireland, maana yake nabii, na gwawd la Wales, ambalo zamani lilikuwa wimbo wa sifa.

Ennius, aliyezaliwa mwaka 239 kabla ya Kristu, aliwatupia washairi waliomtangulia jina la vates kwa dharau. Yeye alipenda poeta, neno la Kigiriki, yaani mtengenezaji. Baadaye Virgilius na Horatius wakalirudishia vates heshima yake.

Na lile gwawd? Leo maana yake ni dhihaka! Hatusemi kila mshairi ni nabii wa Mungu. Wapagani nao waliimba. Twasema hivi: asimamaye kuimba mbele ya watu atajibu kwa maneno yake. Amsifuye tajiri kwa ajili ya fedha, huku akijua anasema uongo, ni mchuuzi. Aende sokoni, atuachie jina la mshairi.